Sosi ya chizi isiyo na maziwa kwa spageti: achana na supamaketi, nenda soko la Kilombero, Arusha

Dada mleta mada, umesema wifi yako anakuja kwako mtaa wa Sakina kutoka Ujerumani na mume wake, wote vegani, yani nyama hapana, samaki hapana, yai, maziwa na hata asali hapana, wanakaa wiki mbili na wewe wali maharage umeshaupanga hadi siku ya tatu umeishiwa. Alafu ukasema ulijaribu kumwagia spageti tui la nazi ikatoka kama mchuzi wa samaki uliotorokwa na samaki. Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuangalia simu. Swali lako ni chizi isiyo ya maziwa inauzwa duka gani hapa Arusha.

Mi ni mpishi wa mlimani, nimepika Kilimanjaro miaka kumi na mbili sasa, njia ya Machame zaidi, na hao vegani nimewalisha wengi tu kwenye hema. Jibu langu ni usiitafute. Zile za kutoka nje ukizikuta zina bei ya mbuzi, na nyingi ukisoma ubavuni ni mafuta ya nazi na wanga na chumvi, ukiziyeyusha kwenye tambi zinakuwa kama mshumaa. Na hili jina lenyewe aisee, chizi isiyo na maziwa, huyo si chizi kweli kweli?

Kitu nilichochelewa kuelewa ni hiki, kwenye tambi chizi hauihitaji yenyewe, unahitaji kazi inazofanya. Inaleta chumvi, inaleta mafuta, inaleta uchachu kidogo, na inafanya sosi ishike tambi isichuruzike chini ya sahani. Hivyo vinne vyote viko sokoni. Tui lako lilikuwa na mafuta tu, chumvi ulitia kwa kuogopa na limao naona hukutaja kabisa, ndo maana.

Sasa sosi yangu ya nyumbani, watu wanne. Viazi mviringo viwili vya kati, karoti moja, kitunguu maji nusu, saumu punje tatu, vyote menya katakata chemsha na maji kidogo mpaka uma unapita bila kusukuma. Korosho mbichi (namaanisha zilizobanguliwa ila hazijakaangwa) nusu kikombe, loweka kwenye maji ya moto nusu saa wakati viazi vinachemka. Chukua zile za vipande, bei iko chini na zinaenda kusagwa tu, hakuna atakayeuliza kama zilikuwa nzima. Ila zisiwe zile za kukaanga na chumvi za barabarani, sosi inakuwa ya kahawia na inanukia kama karanga. Ukipewa korosho na ganda lake kutoka kwa ndugu wa Mtwara usijaribu kubangua mwenyewe jikoni, lile ganda lina mafuta yanayounguza ngozi.

Haya, kwenye blenda weka viazi na wenzake, korosho umezichuja, kikombe kimoja cha maji yale yale yaliyochemshia viazi (usimwage!), mafuta ya alizeti vijiko vitatu vikubwa, limao nusu, kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha chai cha haradali ya chupa kama unayo, na binzari manjano ncha ya kisu. Binzari ni ya rangi tu, ukizidisha umepika mchuzi. Saga dakika mbili tatu bila huruma, na mfuniko ushikilie kwa kitambaa maana vitu vya moto kwenye blenda vinaruka. Mwenye kujua kupika viazi vya kuponda atakwambia usivisage vitakuwa gundi, na ni kweli, ukikisaga kiazi wanga wote unatoka unakuwa kinata. Ila hapa tunautaka huo unata. Ukiinua mwiko utaona sosi inavutika kidogo kabla ya kukatika, na hapo ndo mgeni anapodhani kuna chizi.

Alafu onja, na hapa wengi ndo wanaharibu. Sosi ukiionja yenyewe iwe kali kidogo kuliko unavyopenda, chumvi ijitokeze na limao likuguse pembeni ya ulimi, kwa sababu ikikutana na nusu kilo ya spageti inapoa yote. Mi nikionja nikasema "tamu", najua bado, naongeza. Nikionja nikakunja uso kidogo ndo naacha.

Spageti zenyewe, zile kavu za pakiti nyingi ni ngano na maji tu, hazina yai, ila soma maana zipo zenye yai hasa zile pana pana na zile mbichi za kwenye friji. Chemsha na chumvi ya kutosha, na usiamini dakika za kwenye pakiti, Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi sio 100, kwaiyo ongeza dakika moja au mbili alafu ng'ata uone. Kabla ya kumwaga maji chota kikombe kimoja uweke pembeni. Rudisha spageti kwenye sufuria, mimina sosi, moto mdogo, na hayo maji uliyoficha unaongeza kidogo kidogo huku unageuza mpaka sosi inang'aa na inavaa kila uzi. Bila hayo maji inakaa juu kama sementi.

Sasa niwape kisa cha aibu. Mgeni wangu wa kwanza vegani, dada mmoja wa Uholanzi, kabla hajafika alituma ujumbe ofisini kwamba sosi yake ya "chizi" huwa anaweka yeast. Mi nikajua hamira, hamira si naijua, ya maandazi. Namshukuru Mungu nilijaribu nyumbani Moshi kwanza. Nikatia vijiko viwili vya hamira kwenye sosi ya vuguvugu, nikafunika niende kuoga. Narudi imepanda imefika kwenye mfuniko, ina mapovu, inanuka, mke wangu kaonja kwa ncha ya kidole kaniambia "baba, hii mbege ya ndizi gani?" Chungu ajabu. Kumbe wanayotumia wao ni hamira iliyouliwa kwa joto, wanaiita nutritional yeast, ipo kama vipande vipande vya njano vyepesi, haiumui kitu, na ina ladha ya kukolea kama supu ya kuku bila kuku. Yule dada alikuja nayo mwenyewe kwenye mfuko wa zipu. Kwaiyo ushauri wangu wa bure, mwambie wifi abebe pakiti moja kwenye begi, vijiko viwili vikubwa kwenye sosi ile ya juu inapanda daraja kabisa. Asipobeba, kijiko kimoja cha soya sosi kinafanya kazi inayokaribia, punguza chumvi tu. Hamira ya maandazi iache kwenye maandazi.

Mlimani blenda hakuna, kwaiyo huko natumia ujanja mwingine ambao hata wewe siku umeme umekata utakufaa. Nikiwa Moshi nasaga korosho kavu kwenye mashine ndogo ya viungo, nasaga kwa kukatisha katisha, washa zima washa zima, ukiiachia izunguke tu inatoa mafuta inakuwa siagi. Nachanganya vikombe viwili vya unga huo na vijiko vinne vikubwa vya konflawa, saumu ya unga, binzari, chumvi, pilipili manga, nafunga kwenye mifuko. Kambini nakoroga na maji baridi kwanza isifanye mabonge, naweka motoni nakoroga mpaka inakuwa nzito, limao mwishoni. Dakika tano. Kazi kubwa huko ni tambi yenyewe maana Barafu kambi iko zaidi ya mita 4,600, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 85, spageti nene inakaa nje bwabwa ndani kiini kigumu na gesi inaisha. Nilichojifunza ni kubeba tambi nyembamba na kuziloweka kwenye maji baridi saa nzima kabla, zikiingia motoni zinaiva haraka hazibishi. Wagumu wangu wa kubeba mizigo walikuwa wananicheka kwamba naosha spageti.

Tuendelee maana wiki mbili huwezi kula sosi moja. Uyoga ule mamama (oyster kwa Kiingereza), chana kwa mkono usikate, kaanga kwenye kikaango cha moto bila kujaza mpaka pembe ziwe kahawia, malizia na soya sosi, geuza kwenye spageti zenye sosi. Mzungu mmoja wa makamo aliuliza mara mbili kama si nyama. Mchicha nao unaenda, ila ukamue maji kwanza.

Sosi nyeupe ya unga nayo ipo, mafuta vijiko viwili, unga wa ngano vijiko viwili, kaanga kidogo alafu maziwa ya soya kidogo kidogo. Jirani yangu mmoja Msabato wa Usa River ndo alinifundisha kutengeneza hayo maziwa nyumbani, soya inalala kwenye maji usiku kucha, unasaga, unachuja kwa kitambaa, alafu lazima uyachemshe vizuri maana soya mbichi inasumbua tumbo. Ukinunua ya boksi soma, mengi yana sukari na vanila, na spageti ya vanila sikuombei.

Parachichi pia, huku kwetu linadondoka bure. Moja kubwa, limao, saumu, giligilani, chumvi, saga, changanya na tambi za moto ukiwa umeshazima jiko. Usilipike, parachichi likipata moto linakuwa chungu.

Na siku ya wageni wengi makaroni ya kuoka. Pika makaroni yatoke kabla hayajaiva kabisa, changanya na sosi ya viazi iwe nyepesi kuliko kawaida, juu nyunyiza mkate mkavu uliosagwa na mafuta kidogo. Oveni huna? Sufuria juu ya jiko la mkaa moto mdogo, mfuniko bapa, makaa mengi juu ya mfuniko, kama bibi zetu walivyooka keki. Dakika ishirini. Ule ukoko wa pembeni wa sufuria mi naukwangua kabla sijapakua, mpishi ana haki zake.

Mitego sasa. Majarini, zipo zenye maziwa ndani, soma. Krima ya kahawa ya unga imeandikwa si ya maziwa lakini nyingi zina kaseini ambayo inatoka kwenye maziwa hayo hayo. Vimchemraba vya supu vingi ni vya kuku au ng'ombe. Pesto ya chupa (ile sosi ya kijani ya majani ya rihani) mara nyingi ina chizi. Na akija mwingine anayesema yeye si vegani ila hali nyama tu, usimnyunyizie ile chizi ya Parmigiano Reggiano ya Italia ukadhani umemfurahisha, inagandishwa kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama. Hilo nilifundishwa na mgeni mezani, mbele ya wenzake, sitaki kukumbuka.

Kubwa kuliko yote uliza kuhusu korosho KABLA. Kuna watu korosho zinawafunga koo, na kwa mtu kama huyo hamna cha "kidogo tu", acha kabisa na blenda ioshwe vizuri. Weka mbegu za alizeti zilizomenywa badala yake, ladha inakubali ila rangi inaenda kijivu, ongeza karoti ya pili.

Ikibaki weka kwenye friji, siku tatu haina shida. Kesho yake utaikuta imeganda kama uji wa jana, usishtuke, maji ya moto kijiko kijiko huku unakoroga inarudi, alafu onja limao tena. Kwangu lakini haifiki kesho, wanangu wanachovya mihogo ya kukaanga na wanaita "chizi ya baba", na sijui kama wanaisifia sosi au wananisema mimi.