Heroe wa Nakuru wameenda wapi?

SWALI: Kaka, nimenunua kamera ya mtumba nikaenda Ziwa Nakuru kupiga picha za heroe (flamingo). Nimewapata wachache tu, tena mbali. Kulikoni? – Msomaji, Njoro

JIBU: Usiilaumu kamera, ndugu yangu. Maji yamepanda sana tangu miaka ya 2010, magadi yakazimuliwa, na mwani wanaoula heroe ukapungua. Wengi huhamia Ziwa Bogoria. Nenda huko alfajiri kabla ya upepo, uchuchumae, lenzi iwe usawa wa jicho la ndege. Wakiinua shingo wote kwa pamoja na kuanza kutembea, umesogea mno, rudi nyuma. Wanaowafukuza makusudi ili wapate picha wakiruka, mimi siwaiti wapiga picha. Na ukimpiga picha kifaru wa Nakuru, usitaje mtandaoni ulipompata. Majangili nao wana simu.