Mzee wako anayumba akitembea? Hebu mwangalie anakula nini

Wazee wetu wengi huku Tanga wanashindia chai, na hili linaniuma sana. Asubuhi chai ya rangi na maandazi, mchana wali na mchuzi, usiku chai tena na kipande cha mkate, alafu akianza kushika ukuta akitoka chumbani tunasema aah uzee huo. Mie nakaa na mama hapa Ngamiani, keshapita miaka 70, na kilichomsaidia miguu yake kupata nguvu tena ni kitoweo pamoja na mazoezi kidogo.

Iko hivi, mtu akifika miaka 60 na kuendelea misuli inapungua kwa kasi, hasa ya mapaja, na hiyo ndo inayomshika asianguke akijikwaa. Na mwili wa mzee hautumii protini vizuri kama wa kijana, kwaiyo anahitaji zaidi, sio pungufu kama tunavyodhani. Wataalamu wanashauri gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani mama wa kilo 60 apate kama gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, samaki gramu 100 ni kama 20, sasa piga hesabu ya chai na andazi uone anapata nini. Na igawe kila mlo, usisubiri mchana tu.

Tatizo jingine ni sisi wenyewe wa pwani, kipande kizuri cha samaki kinaenda kwa baba na wageni, mama anakwambia "mie mchuzi tu unantosha mwanangu". Usikubali! Mara nyingi ni meno, anaona aibu kusema. Mie nikipata samaki aina ya changu pale soko la samaki la Deep Sea nachemsha, nachambua minofu kwa vidole taratibu mpaka nihakikishe hamna mwiba hata mmoja, alafu nairudisha kwenye tui jepesi na ndimu, anakula bila kutafuna sana. Dagaa wakavu nawaosha maji ya moto, nawakaanga, natwanga kwenye kinu na kutia kwenye mchicha, hapo na kalsiamu ya mifupa anapata manake dagaa unamla mzima. Usiku mbaazi za nazi zilizoiva zikalainika, au mtindi, maziwa Tanga tunayo jamani.

Sasa wenye sukari nisikilizeni vizuri. Mama alikuwa analalamika nyayo zina ganzi, na gizani ndo anapepesuka zaidi. Metfomini, kile kidonge cha sukari, ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na ikipungua mishipa ya fahamu inaharibika, mtu haisikii sawasawa sakafu anayokanyaga. B12 iko kwenye samaki, maini, mayai, maziwa, kwenye mboga za majani hamna. Ila sukari yenyewe nayo inaleta ganzi, kwaiyo mwambie daktari ampime, msikimbilie kuchoma sindano duka la dawa.

Maji nayo. Mzee hasikii kiu kama wewe na wengine wanakataa kunywa wakiogopa kwenda chooni usiku, na joto hili letu, na vidonge vya presha juu, akiinuka ghafla kizunguzungu. Mpe kidogo kidogo toka asubuhi mpaka alasiri, usiku punguza. Na akishiba wali mwingi asiinuke hapohapo, presha hushuka baada ya mlo mzito, bora milo midogo midogo.

Jua pia, kina mama wengi wanashinda ndani, atoke barazani mikono na miguu ipigwe jua kidogo, vitamini D inatoka huko.

Alafu chakula peke yake hakijengi misuli isiyofanya kazi. Mama anakaa kwenye kiti kigumu, anainuka bila kushika, anakaa tena, mara 10, mie nikiwa pembeni yake.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongezewe protini kabla hajaongea na daktari. Na mzee aliyeanza kuyumba ghafla leo, mdomo umekwenda upande au mkono hauna nguvu, hapo usiwaze kupika, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.