Mfarishi Unaonukia Udi na Kunuka Ghala

Mteja aliyenirudishia mfarishi hakuja na ugomvi. Aliutandaza mezani, akanivuta mkono. "Dada, hebu inama unuse. Ukiusogelea hivi unanukia harusi. Ukilala nao mpaka saa nane za usiku, unanuka ghala."

Nikanusa. Alikuwa na haki yake. Vitenge vile nilivinunua Ngamiani kwa fundi aliyekuwa anafunga kazi, magunia mawili ya vipande kwa bei ya kutupa. Vilikuwa vimekaa chini ya ngazi misimu miwili ya masika. Nilivifua mara moja kwa sabuni ya unga, nikavianika nusu siku, nikaona bado vina uvundo kwa mbali. Basi nikafanya tunachofanya wanawake wa Tanga kila nguo ikitutia shaka: makaa kwenye chetezo, udi juu yake, nguo juu yake. Vikanukia. Nikakata, nikashona, nikauza.

Nilirudisha pesa, na mfarishi niliufumua wote. Kufumua kazi ya wiki tatu kunafundisha.

Lugha yetu imetenganisha kunuka na kunukia, lakini kitambaa hakitenganishi. Harufu ni kitu chenyewe kilichong'ang'ania kwenye uzi: mafuta, jasho, ukungu, dawa. Udi unakaa juu yake siku mbili tatu kisha unapaa, nacho kinabaki. Kwa hiyo siku hizi sianzi kwa kuuliza nitie nini. Nauliza hiki kimetoka wapi, kililala na nani. Na nauliza kabla ya mkasi, maana mfarishi una matabaka matatu, uso, pamba ya kati na kitambaa cha chini. Ukishapitisha mshono, ile pamba ya kati inameza kila harufu na haikauki kwa urahisi.

Huku kwetu adui wa kwanza ni kawa, ule ukungu wa nguo. Mji wa bahari, joto na unyevu havipumziki, na kuanzia Machi hadi Mei kabati lolote linalogusa ukuta linavundisha. Jambo ambalo sikulijua zamani ni kwamba kitambaa kipya nacho kinashika kawa, pengine upesi kuliko cha zamani. Ule ugumu wa kitenge kipya unatokana na wanga na vitu vingine vinavyotiwa kiwandani, na wanga kwa ukungu ni ugali. Unakikunja na wanga wake, unakitia kwenye mfuko wa nailoni, umefungasha chakula na mlaji pamoja. Mimi sasa nafua kila kitenge siku ninayokinunua, hata kama nitakishona mwakani. Faida nyingine, kikiwa cha kuruka rangi kinaruka mapema, na kikitaka kurudi, yaani kusinyaa, kinarudi kabla sijakipima.

Kikishashika kawa, usikimbilie maji. Kitoe nje, kikung'ute na kukipiga brashi kikiwa kikavu, mbali na vitambaa vingine, ujifunge mtandio puani. Kianike juani kwa upande wa ndani ili rangi isichujuke. Kisha siki nyeupe: kikombe cha chai kwenye lita tano za maji, ukiloweke kama saa nzima. Baada ya hapo kifue kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ukisuuze mpaka maji yawe meupe. Madoa meusi huenda yakabaki hata harufu ikitoka, na hayo mimi nayaficha kwenye mishono. Lakini livute kila doa kwa vidole viwili. Kitambaa kikichanika kama karatasi, ukungu umeshaila pamba yenyewe, tupa. Pamba ya kati iliyovunda tupa pia, iwe sufi au pamba ya kawaida, hata usiihurumie.

Kwa vitambaa vyeupe jiki inasaidia, lakini isikutane na siki kwenye beseni moja. Jiki na siki zinatoa gesi ya klorini, na ile inachoma macho na mapafu. Niliwahi kufanya hivyo kwenye choo chenye dirisha la kiganja. Nilitoka nikitambaa.

Halafu kuna maji. Hili lilinichukua miaka. Nilikuwa nafua vizuri, naanika vizuri, na bado vitambaa vina kiharufu cha uzito, kama taulo la mwanamume kapera. Maji yangu ni ya kisima, na visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, yaani chokaa. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa haitoi povu, inafanya utando wa kijivu, na utando ule unaganda kwenye uzi ukishika mafuta na jasho. Unazidisha sabuni, unazidisha utando. Dawa yake ilikuwa rahisi mpaka nikaona aibu: punguza sabuni, tumia ya unga badala ya mche, na maji ya mwisho ya kusuuzia yatie nusu kikombe cha siki kwa ndoo ya lita kumi. Siki inavunja ule utando, na yenyewe ikikauka hainuki. Mwenye tangi la mvua afulie maji ya mvua, hana haja ya haya yote.

Kuanika nako kuna saa zake. Toa nguo umande ukishakauka, ingiza kabla jua halijapoa, kama saa kumi jioni. Jirani yangu, bibi aliyenizidi miaka thelathini, alikuwa akiniona nimeacha vitambaa kambani magharibi ananiita juu ya ukuta, "Mwanangu, unaanika au unalowesha?" Kitambaa kilichokauka kwa jua kikaachwa usiku, asubuhi ni kibichi, ukikikunja hivyo umeanza upya.

Samaki ni kesi nyepesi. Harufu yake ina asili ya magadi, kwa hiyo kitu chochote kichachu kinaimaliza: siki, ukwaju uliochujwa, ndimu. Ila ndimu kwenye kitambaa cha rangi isuuze sana kabla ya jua, inachujua.

Jasho lililokaa, na mashuka ya mitumba ninayotumia kwa tabaka la chini, yanataka kinyume chake. Huko harufu nyingi ni ya uchachu, na bekingi soda ndiyo mwenzake: nusu kikombe kwa ndoo, iloweke usiku kucha, asubuhi fua. Bekingi soda, si bekingi pauda, wala si magadi ya maharage, hayo ni makali na yana uchafu wake. Na usichanganye siki na soda pamoja ukifurahia povu. Zinauana, unabaki na maji ya chumvi. Leo moja, kesho nyingine.

Moshi wa kuni ni mafuta meusi, unataka sabuni mara mbili, na usiupige pasi kabla haujaisha. Mafuta ya taa, vivyo hivyo: kwanza upepo siku mbili, kisha sabuni ya vyombo, na pasi isikaribie mpaka pua iseme hakuna kitu. Hiyo si habari ya harufu tena, ni habari ya moto.

Nafthalini, vile vidonge vyeupe vya nondo, ndivyo vinavyoniogopesha. Haviyeyuki kwenye maji, kwa hiyo kufua peke yake ni kujichosha. Vinatoka kwa joto na upepo tu, mvuke wake uende zake, na inaweza kuchukua wiki nyingi. Lakini kitambaa chenye harufu hiyo sikishonei mtoto mchanga, hata nilipwe mara mbili. Watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zenye malaria kama yetu, wakivuta nafthalini chembe hizo zinaweza kuvunjika, wakapata manjano kali. Huwezi kumtazama mtoto ukajua anao au hana. Mashangazi wanaotunza doti za kanga kwa vidonge kwa ajili ya mjukuu atakayezaliwa, naomba mnisamehe, ila mbadilishe.

Kwa kipande kisichofulika, labda kina nakshi au rangi isiyoaminika, natumia mkaa. Ndoo yenye mfuniko, bakuli la mkaa mkavu ambao haujawashwa chini, kitambaa juu ya chekeche kisiuguse, funga. Badili mkaa kila wiki.

Na usiamini pua yako. Ikikaa na harufu nusu saa inaizoea. Mimi natia kitambaa kikavu kwenye mtungi wa plastiki, nafunga, naweka juani saa moja, kisha namwita mtu aliyetoka nje afungue yeye. Joto linakitapisha kitambaa kilichokuwa kinaficha.

Vile vitenge vya magunia mawili, robo tatu vilipona. Mteja yule nilimshonea mwingine, akaupokea, akauzika uso ndani yake pale pale dukani kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akainua kichwa akaniuliza, "Mbona haunukii?"