Maswali Yenu: Shule, pesa na matabaka Uingereza

Tangu tugusie habari za ndugu zetu waliohamia Uingereza kwa viza za kazi, maswali ya shule yamemiminika kwelikweli, na mengi yanafanana. Nimechagua manne, nimeyafupisha kidogo.

Shikamoo dada. Niko Gravesend, Kent, nafanya kazi ya kulea wazee, mwanangu yuko mwaka wa 5 wa shule ya msingi. Wazazi wenzangu pale getini wote wanaongelea mtihani wa kuingia shule za grama, jirani yangu wa kwake yuko tuisheni tangu mwaka jana. Mi hata sikujua kama kuna mtihani. Nimwandikishe? Na asipofaulu ndo basi tena?

Marahaba mdogo wangu. Mwandikishe, tena usisubiri.

Ngoja nikueleze huu mtihani umetoka wapi maana ukijua hutaogopa. Sheria ya elimu ya 1944 ndo iliwapa watoto wa England sekondari ya bure, ila wakifika miaka 11 wanapimwa, wachache wanaenda grama kusomea mambo ya chuo kikuu na kazi za ofisini, walio wengi wanapelekwa sekondari nyingine ambazo mtu alikuwa anamaliza na miaka 15 anaingia kiwandani. Miaka 11 jamani, mtoto bado anapoteza sweta shuleni na tayari ameshapangiwa maisha. Wazazi wakalalamika sana, mwaka 1965 serikali ya chama cha Labour kupitia waziri wa elimu Anthony Crosland ikazitaka halmashauri ziache huo mchujo, nyingi zikaacha, Kent haikuacha. Leo zimebaki grama 163 England nzima, Uskoti na Wales hakuna hata moja ya serikali inayochuja hivyo, na sheria ya 1998 ilizuia kufungua mpya. Kwa hiyo mwenzako wa Cardiff kule Wales haya mambo hayamhusu kabisa, wewe yanakuhusu kwa sababu tu ya mahali ulipopanga nyumba.

Sasa wanaozitetea wanasema zinamwinua mtoto wa maskini mwenye akili. Wapo walioinuka kweli, Margaret Thatcher alikuwa binti wa muuza duka la vyakula na alipita grama. Lakini ukiangalia waliomo humo sasa hivi, watoto wanaopata chakula cha bure shuleni, ambacho ndo kipimo chao cha umaskini, ni wachache mno ukilinganisha na shule za jirani. Na mimi hapa ndo naumia, kwa sababu hao watoto hawajazidiwa akili, wamezidiwa tuisheni na wamezidiwa taarifa. Mzazi wa Kiingereza aliyesoma anajua tarehe zote tangu mtoto yuko chekechea, wewe umetoka shifti ya usiku unasikia getini.

Basi tarehe ni hizi. Kujiandikisha kwa mtihani wa Kent kunafunguliwa Juni na hakuendi mbali zaidi ya mwanzo wa Julai, na ni bure. Mtihani ni Septemba, mtoto ndo kwanza ameingia mwaka wa 6. Majibu Oktoba, halafu fomu ya sekondari mwisho 31 Oktoba, na shule aliyopata mnaambiwa 1 Machi. Fomu ujaze hata kama amefaulu, kufaulu peke yake hakumpi nafasi. Akikosa kidogo tu, mwalimu mkuu anaweza kupeleka jina lake na madaftari yake kwenye jopo likamtazama upya, kwa hiyo nenda kaongee na mwalimu mapema, usione aibu, ni haki yako kuuliza. Mazoezi yapo ya bure mtandaoni na maktaba, mfanyie kidogokidogo kila jioni, na zaidi ya yote asome vitabu, maana msamiati ndo unawaangusha wengi.

Asipofaulu? Karibu robo tu ya watoto wa Kent ndo huonekana wanafaa grama, kwa hiyo wengi wako nje na wanaishi. Sitakudanganya kwamba ni sawasawa, sekondari iliyochukuliwa watoto wake wa juu wote inapata tabu, hata walimu hupenda kwenda kwingine. Ila GCSE, ile mitihani ya miaka 16, ni zilezile, na akishaifanya grama nyingi zinapokea wapya wa A-level, yaani masomo ya kuelekea chuo kikuu, kwa kutazama matokeo ya GCSE. Na nikupe moyo kwa jambo ambalo takwimu za serikali zinaonyesha mwaka baada ya mwaka: watoto wenye asili ya Afrika wanaokula chakula cha bure wanafanya vizuri kwenye GCSE kuliko wenzao Wazungu Waingereza wa hali hiyohiyo. Nyumbani kwako kuna kitu, usikidharau.

Asalaam aleikum dada. Mimi na mke wangu tuko Leicester, wote tunafanya kazi. Rafiki yangu kampeleka mwanawe shule ya kulipia na anasema bila hivyo mtoto mweusi hatoboi huku. Nina akiba niliyoweka ya kumalizia nyumba Tanga. Niitumie?

Waaleikum salaam kaka. Rafiki yako hajazua kitu. Watoto wanaosoma shule za kulipia ni kama asilimia 7 tu, lakini uchunguzi uliotoka 2019 ulikuta asilimia 65 ya majaji wakuu walitokea huko. Eton, shule ya kulipia ya wavulana, peke yake imetoa mawaziri wakuu 20, Boris Johnson akiwa wa 20, na Rishi Sunak, naye aliyekuwa waziri mkuu, alisoma Winchester, nyingine ya kulipia. Na inauma zaidi ukijua kwamba Eton ilianzishwa na mfalme Henry wa Sita mwaka 1440 kwa ajili ya vijana 70 wasio na uwezo, wasome bure. Leo ada yake inapita pauni 50,000 kwa mwaka.

Lakini kaka hesabu yako ifanye vizuri. Shule ya kulipia ya kutwa, ya kawaida tu isiyo na jina, wastani ulikuwa kama pauni 18,000 kwa mwaka, na tangu Januari 2025 serikali imeongeza kodi ya VAT asilimia 20 juu ya ada. Hiyo ni kwa mtoto mmoja, miaka 7 ya sekondari, na kila mwaka wanapandisha. Akiba ya nyumba ya Tanga itaisha kabla hajafika GCSE, na kumhamisha katikati ni kumvuruga. Alafu wale majaji hawakufika pale kwa masomo tu, walibebwa na mjomba mwanasheria, jina la familia, marafiki wa baba, na hivyo haviji na risiti ya ada.

Mi ningekwambia akiba yako iache na uangalie anwani. Uingereza sehemu kubwa ya utabaka haipo kwenye ada, ipo kwenye nyumba. Shule za serikali nyingi zikijaa zinachukua kwanza watoto waliolelewa na serikali, halafu wenye ndugu pale, halafu wanaokaa karibu, kwa hiyo penye shule nzuri nyumba zinapanda bei na wenye hela wanajaa mtaa, wanapata shule ya bure ambayo kumbe wameilipia kwenye nyumba. Kama mnapanga, na mkataba unaisha, kuhama mtaa mmoja kwenda mwingine kabla ya 31 Oktoba, mwisho wa fomu ya sekondari, kunaweza kumfanyia mtoto kazi kubwa kuliko pauni 18,000. Ila mhame kweli, msitumie anwani ya shemeji, wanachunguza na nafasi wanaifuta.

Kama moyo wako bado uko kwenye shule ya kulipia, basi omba msaada wa ada kabla hujaomba nafasi. Ipo shule ya Christ's Hospital kule Sussex, ya tangu 1552, watoto wengi pale wanasoma kwa msaada unaotegemea kipato cha wazazi, wengine hawalipi kabisa. Uliza kila shule swali moja tu: mna nafasi ngapi za bure kabisa mwaka huu? Wakizungukazunguka, aga uende.

Hujambo dada, niko Nairobi. Kwa nini Waingereza hata wakiwa wazee bado wanaulizana walisoma shule gani? Tabaka la mtu wanalijuaje, na si walishaendelea?

Sijambo ndugu yangu. Wanalijua kwa mdomo kwanza, mtu akitamka neno moja ameshajulikana katokea wapi na kasomea wapi, na wapo wanaojifunza upya kuongea wakifika chuoni ili wasichekwe, jambo ambalo linanisikitisha mno. Siku hizi waajiri wengi wana swali wanalokuuliza kwenye fomu: ulipokuwa na miaka 14, mtafutaji mkuu wa nyumbani kwenu alikuwa anafanya kazi gani? Hawaulizi mshahara wako wa leo, wanauliza mlikotoka, na swali lenyewe lipo kwa nia njema, wapate kujua kama wanaajiri watoto wa mabosi peke yao.

Ila wewe wa Nairobi hili unalijua vizuri, maana mbegu yake ipo kwetu. Shule ya Alliance ilifunguliwa 1926 na kwa miaka mingi iliongozwa na Carey Francis aliyetoka kufundisha Cambridge. Tabora nayo miaka ya 1920 ilianza kama shule ya watoto wa machifu, ina mabweni ya kushindana na viranja kama zile za England, na Nyerere alisoma hapo kabla ya kwenda Edinburgh. Aliporudi akatawala, sera yake ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ililenga hasa kuvunja hilo, msomi asijione wa tabaka lake. Na mpaka leo pale Nairobi watu wazima na mvi zao wanaulizana ulisoma wapi, au siyo?

Shikamoo anti. Nina miaka 17, nasoma A-level London. Baba dereva wa basi, mama anafanya usafi hospitali. Nataka uanasheria. Wenzangu wanapata sehemu za kujifunzia kazi kwa marafiki wa wazazi wao, mi sina mtu. Na nyumbani hawataki mkopo wa chuo kwa sababu ya riba.

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufika hapo.

La riba wazazi wako wana haki nalo, mkopo unaongezeka kwa riba na serikali yenyewe inalijua hilo. Tangu 2014 ilikubali kuwe na utaratibu usio na riba kwa Waislamu, sheria ya kuuruhusu ikapita 2017, na mpaka leo haujaanza, vijana wetu wangapi wamekaa nyumbani wakisubiri. Mkopo wenyewe kwa walioanza chuo 2023 na kuendelea unakatwa asilimia 9 ya kile unachopata juu ya pauni 25,000 kwa mwaka, na baada ya miaka 40 kilichobaki kinafutwa. Wapo masheikh wanaoukubali kwa dharura na wapo wanaoukataa, hilo muongee na wazee wako pamoja na sheikh mnayemwamini. Ada ya chuo kwa 2025/26 iliwekwa pauni 9,535, hapo ni kama una uraia au makazi ya kudumu, kama mko kwa viza kaangalie hali yako kwanza maana unaweza kudaiwa ada ya wageni, ni zaidi ya mara mbili.

Lakini kuna njia ambayo wenzako hawaisemi sana. Tangu 2015 mtu anaweza kuwa wakili kwa kufanya kazi ofisini huku anasomeshwa, unaanza ukimaliza A-level, ni kama miaka 6, unalipwa mshahara tangu siku ya kwanza, ada analipa mwajiri na serikali, mkopo hakuna riba hakuna. Unaishia na digrii na leseni ileile. Ushindani ni mkali mno, makampuni makubwa ya London yanafungua maombi yake kuanzia Septemba na Oktoba, kwa hiyo anza kuandika wakati huu wa likizo. Omba pia kambi za kiangazi za shirika la hisani la Sutton Trust, ni za bure na wanawatafuta hasa wanafunzi kama wewe, kuna za sheria. Na chuoni ukiomba, angalia kama wana utaratibu wa kupunguza alama kwa waliotoka kwenye shule na mitaa ya hali ya chini, vyuo vingi vinao, si huruma hiyo, wanajua B yako imetoka kwenye mazingira gani.

Kuhusu kukosa mtu wa kukushika mkono, nenda mahakamani. Nakwambia kweli, mahakama nyingi za Uingereza ziko wazi kwa yeyote, unaingia unakaa nyuma unasikiliza, hakuna anayeuliza baba yako nani. Kaa siku nzima, andika ulichoona wakili alivyouliza shahidi na jaji alivyomkatiza, na hicho ukakieleze kwenye barua yako ya maombi.