Ayoni za kufuliwa na weji za bei mbaya: cha kuangalia kabla hujatoa hela, kwa sisi wa Dar

Wadau wa gofu, habari za weekend. Kuna swali naulizwa sana, hasa na vijana ambao handikapu (namba ya kiwango cha mchezaji, ikishuka amekuwa mzuri zaidi) imeanza kushuka na wameshachoka na seti waliyoanzia. Kaka, nikinunua ayoni (fimbo za chuma zenye namba) za fojidi, yani za kufuliwa, nitapata nini ambacho hizi nilizonazo hazinipi? Na kabla sijajibu linakuja la pili, ninunue za kampuni gani. La kwanza nalijibu kwa kirefu, la pili naliweka mwisho, mana kwa ninavyoona jina lililochongwa mgongoni mwa fimbo ndo kitu cha mwisho kukiangalia. Cha kwanza ni soli, yani ile sehemu ya chini inayogusa ardhi, na cha pili ni jinsi fimbo inavyokaa ukiishika wewe kwa urefu wako na swing yako, yani unavyozungusha fimbo. Hela yako ikafanye kazi hapo.

Tuanze na chuma chenyewe. Fimbo ya kufuliwa inatoka kwenye kipande cha chuma laini cha kaboni, zile namba mnazoona 1020 au 1025, kinapashwa moto mpaka kinaiva, kinagandamizwa kwenye kalibu na mashine nzito, kinarudiwa tena, kinakatwa makombo pembeni, kinasagwa, kinapakwa krome. Fimbo nyingine chuma kinayeyushwa na kumiminwa, na mara nyingi ni stainless ya 431 au 17-4 ambayo ni ngumu zaidi. Kampuni ya Mizuno zao zinafuliwa Hiroshima, Miura wanafua Himeji, Japani hiyo hiyo, na kuna kiwanda kinaitwa Endo ambacho kimefulia kampuni nyingi kubwa tu ambazo mnazijua kwa majina mengine kabisa. Kwa hiyo fimbo mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa zimetoka kwa fundi mmoja.

Watu wanapenda kuongelea ile raha ya mkononi, mpira ukikaa katikati ya uso unasikia kama hujagusa kitu. Raha hiyo ipo kweli, sikatai, na kwangu ni moja ya vitu vinavyonirudisha uwanjani. Ila sehemu kubwa ya unachokiita hisia ni sauti. Weka pamba masikioni upige mipira michache na fimbo yako ya kila siku, utaelewa. Na ule ulaini haukuongezei yadi wala haukunyooshei mpira, kwa hiyo usilipie ulaini peke yake.

Faida kubwa ya chuma kilichofuliwa, ambayo sijui kwanini haisemwi sana huku kwetu, ni kwamba KINAPINDIKA. Fundi mwenye mashine ya kupimia anaibana fimbo shingoni, anaivuta nyuzi (digrii) moja au mbili, imekaa kwako. Ile 17-4 ni ngumu, inabisha, haiwafai mafundi wengi. Sasa hii ina maana gani kwa mtu wa Dar? Wengi wetu tunacheza na fimbo zilizotengenezwa kwa urefu wa mtu mwingine, ndugu kaja nazo toka Uingereza, au umenunua kwa mtu anayehama. Fimbo ikiwa imesimama mno kwako, yani ncha ya kichwa chake inanyanyuka wakati kisigino, upande wa shingoni, kinagusa chini, kwa anayepiga mkono wa kulia mpira utaanza kwenda kushoto hata kama umepiga vizuri, na ikiwa imelala mno utaenda kulia. Kwenye ayoni 4 kosa hilo ni dogo, kwenye weji, zile fimbo za mipira ya karibu, ni kubwa, kwa sababu lofti (uso wa fimbo unavyolala nyuma) ikiongezeka ndo upotevu unavyoongezeka. Unakuta mtu anabadilisha swing miaka kumbe swing haina shida, lai, yani pembe ya fimbo na ardhi, ndo haimfai.

Kuipima huhitaji studio. Chukua maka peni, ile ya kuandikia ubao mweupe, chora mstari mnene wima kwenye mpira, uweke chini mstari ukiangalia uso wa fimbo, na uwe umesimama wima kweli, usiegemee upande. Piga kawaida na ayoni 7. Geuza fimbo uangalie alama iliyobaki usoni. Ikiwa imesimama wima, ikakatana na mifereji (ile mistari iliyochongwa usoni) kama msalaba, uko sawa. Sehemu ya juu ya mstari ikiinamia kwenye ncha, fimbo imesimama mno, ikiinamia kwenye kisigino imelala mno. Rudia mpaka uone alama zinakubaliana, usiamini pigo moja. Mimi nikimwona mtu anataka kununua seti mpya namwambia afanye hivi kwanza na anayoitumia, ajue mwili wake unataka nini, alafu ndo aanze kupiga simu.

Maka peni hiyo hiyo itakujibu swali lingine ambalo ni la muhimu kuliko yote: je wewe ni mtu wa blade, zile fimbo nyembamba zisizochimbwa mgongoni? Paka uso wote wa fimbo, piga mpira, angalia rangi imetoka wapi, futa, paka tena. Kama alama zinarundikana sehemu moja ukubwa wa sarafu, basi chukua fimbo nyembamba unayoipenda, umeifikia. Kama moja iko kwenye ncha nyingine kisigino nyingine chini kabisa, tafuta zilizochimbwa mgongoni, uzito umepelekwa pembeni, zinasamehe. Na hizo nazo zipo za kufuliwa, siyo lazima uende kwenye blade ndo upate chuma laini. Hapa katikati kuna kundi la tatu, zile zenye tundu ndani, mfano P790 za TaylorMade zilizotoka 2017, mwili wa chuma cha kaboni cha 8620, uso wa chuma kingine kilichofuliwa, ndani wamejaza povu. Ni fimbo nzuri na zinapeleka mpira mbali, ila usizinunue ukidhani umepata kipande kimoja cha chuma laini kwa sababu tu neno la fojidi limeandikwa, uliza nini hasa kimefuliwa, uso au fimbo nzima.

Alafu mtego wa umbali. Mtu anajaribu ayoni 7 mpya, inapita ile ya zamani kwa mbali sana, anatoa hela hapo hapo. Angalia lofti ndugu yangu. Ayoni 7 za siku hizi za kusaidia mchezaji zina nyuzi 28 mpaka 30, wakati 7 ya blade ina 34 au 35. Umepiga ayoni 6 iliyoandikwa 7, basi. Siyo dhambi, wameshusha na uzito chini ili mpira upande, ila ujue unacholipia na ujue kwamba shida itahamia kwenye weji, nakuja huko.

Kwenye shafti, yani mti wa fimbo, sitakaa sana. Chuma kizito kama Dynamic Gold S300 kinafika gramu 130 hivi na kinamfaa mwenye kasi, kama hole za mwisho jua la saa saba limeshakumaliza na mpira unaanza kwenda kulia, chukua nyepesi zaidi. Shafti isiyokufaa inaua fimbo ya bei yoyote ile.

Haya, weji. Hapa ndo ningependa mtu aweke akili zake nyingi, mana nje ya yadi mia ndo tunajisifu ila ndani ya mia ndo skoa inapatikana. Na jambo la kwanza litawashangaza baadhi: kwenye weji usihangaike sana na habari ya kufuliwa. Weji za Vokey, zinazouzwa na Titleist, ambazo mapro wengi duniani wanazitumia, zinamiminwa kwa chuma cha kaboni cha 8620. Chuma hicho kinapindika vizuri na hakuna mtu anayelalamika hisia. Kwa hiyo weji nzuri iliyomiminwa isikufanye ujione umekosa.

Kinachotofautisha weji na weji ni soli, na hasa baunsi, yani kile kitumbo cha chini kinachofanya fimbo iteleze badala ya kuchimba. Gene Sarazen, pro wa Marekani, ndo aliyeipa weji ya mchanga umbo tunalolijua, aliongeza risasi ya kulehemu chini ya soli, na mwaka 1932 akashinda mashindano makubwa ya Open kwenye uwanja wa Prince's, Uingereza, akiwa nayo. Tangu hapo kanuni haijabadilika, udongo laini na mchanga mwingi unataka baunsi kubwa, nyuzi 10 kwenda juu, ardhi ngumu inataka ndogo, 4 mpaka 6 hivi, na katikati kuna 7 mpaka 10 kwa mambo yote.

Sasa tuliangalie jiji letu. Masika, Machi mpaka Mei, ardhi inalowa, fimbo yenye soli nyembamba inazama kama jembe. Ikifika Agosti Septemba sehemu kubwa ya uwanja imekauka, nyasi fupi, chini pagumu, na hapo weji yenye kitumbo kikubwa inadunda chini, ukingo wa mbele unapiga mpira tumboni na unaruka grini (pale penye shimo) nzima mpaka ng'ambo. Huwezi kubeba weji za misimu miwili, sheria ni fimbo 14 tu. Ushauri wangu ni kuzichanganya: ya lofti ya nyuzi 54 au 56 iwe na baunsi kubwa, hiyo ndo ya banka (shimo la mchanga) na ya masika, ya 58 au 60 iwe na baunsi ndogo au soli iliyosagwa kisiginoni, hiyo ndo ya pagumu na ya kufungua uso. Ukiwa nazo hivyo, mpira ulale vyovyote vile, uwanja wa Lugalo au Gymkhana au ukisafiri Moshi, una jibu mkononi.

Ila na swing yako ina neno. Muulize kedi wako, anayekubebea begi, nasema kweli, hawa jamaa wanaangalia mipigo yetu kila siku na mapro wetu wengi walianzia huko huko kwenye ukedi. Wangu aliniambia kwa upole tu, tukiwa tunangoja watu wa mbele watoke grini, "Kaka wewe unashuka wima, angalia mabonge ya nyasi unayotoa, weji nyembamba siyo yako." Akanyanyua moja na ncha ya kiatu, lilikuwa nene nyuma na limekatwa ghafla mbele. Anayeshuka wima namna hiyo anahitaji baunsi zaidi hata kiangazi, na yule anayefagia nyasi tu bila kutoa bonge anahitaji chini ya hapo.

Nafasi kati ya weji nazo zipangwe kuanzia kwenye PW (pitching weji, ile inayokuja na seti) ya ayoni zako, siyo kichwani. Soma lofti ya PW. Kama ni 46, basi 50, 54, 58 inakaa vizuri. Kama ni zile ayoni za lofti kali na PW ni 43, ukiruka mpaka 56 umejiachia shimo la nyuzi 13 na hapo katikati utakuwa unapiga nusu nusu kila siku, weka 48, 53, 58. Na ukimpa fundi akupindie weji kupunguza lofti, kila uzi mmoja unaoondoka unaondoka na uzi mmoja wa baunsi, ukiongeza lofti unaongeza na baunsi. Fundi anayejua atakwambia kabla hajaibana.

Rangi ya nje. Mapro wanapenda weji mbichi isiyo na krome, haimeti juani, inashika kutu ya kahawia inapendeza kwenye picha. Kutu haiongezi spini (mpira kujizungusha), spini inatoka kwenye mifereji iliyo safi na yenye makali, na mifereji yenyewe tangu 2010 USGA na R&A, wanaotunga sheria za gofu, waliibana isiwe mikali kama zamani. Kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu, kama unakaa Msasani, Mbezi Beach au Kigamboni, weji mbichi itabadilika haraka sana, kwa hiyo mimi nachagua krome bila kufikiria mara mbili. Hata krome ikichubuka kwenye chuma cha kaboni kutu inaingia hapo hapo. Ukitoka uwanjani futa kwa kitambaa cha maji, kausha, usivalishe kofia fimbo mbichi, na usiache begi kwenye buti la gari kutwa nzima juani, gundi inayoshika kichwa na shafti haipendi joto lile. Chuma laini pia kinapata makovu fimbo zikigongana begini na lai inahama taratibu ukipiga sana kwenye ardhi ngumu, ipimishe kila mwaka.

Kuhusu kununua. Za mtumba ziko nyingi na mimi nazipenda, seti iliyotunzwa ya miaka michache nyuma inakupa chuma kile kile kwa bei ya chini sana. Omba picha ya soli na ya uso, siyo ya mgongo peke yake. Angalia 8, 9 na PW, kama katikati pamelika mpaka pamekuwa peupe, mwenyewe alikuwa anajua kupiga na amezitumia haswa, ayoni bado zitakufaa ila weji za mtu huyo ziache, mifereji imekwisha. Pitisha kucha kwenye mfereji, isipokwama usinunue. Angalia namba shingoni, fananisha rangi na maandishi na picha za kampuni yenyewe, pima na uzito, feki zipo nyingi na karibu zote zinakuja zikiwa mpya na bei ya kushangaza. Muulize muuzaji kama zimewahi kupindwa na kwa nyuzi ngapi. Na kama unaagiza mpya nje, piga hesabu ya usafiri, ushuru na VAT ya 18% kabla hujalipa, siyo mzigo ukishafika airport. Jina sasa chagua unalolipenda, Mizuno, Srixon, Titleist, Miura, wote wanajua kazi. Ukiwa na picha za seti unayoifikiria, tuma na alama zako za maka peni tuziangalie pamoja.