Wasomaji Wanauliza: Mwaliko wa Krismasi Austria

SWALI: Rafiki yangu wa tangu chuo ameolewa Austria, kijijini karibu na Salzburg, na mwaka huu amenialika kula Krismasi nyumbani kwao. Wana watoto wawili, wa miaka minne na saba. Nimepanga kufika tarehe 25 asubuhi ili nikute sherehe imepamba moto. Nijiandae vipi? – Msomaji, Masasi

JIBU: Dada, ukifika tarehe 25 asubuhi utakuta sherehe imekwisha. Kwa Waaustria Krismasi yenyewe ni jioni ya tarehe 24, wanayoiita Heiliger Abend. Tarehe 25 ni siku ya kutembelea wazee na kula mlo mzito wa mchana, mara nyingi bata bukini wa kuoka, na tarehe 26 huendelezwa ziara kwa ndugu wengine. Fika tarehe 22, au 21 ukiweza. Basi la kwenda Dar es Salaam, ndege ya kwanza na ndege ya kuunganisha ni hatua tatu, na kila moja yaweza kuchelewa. Tena maduka hufungwa mchana wa tarehe 24 na hayafunguliwi hadi tarehe 27, na hiyo ikiangukia Jumapili, hadi tarehe 28. Sanduku likipotea njiani hutapata pa kununua hata soksi, kwa hiyo nguo za ndani, sweta moja na dawa zako vikae kwenye begi la mkononi.

Jambo la kulinda kuliko yote ni siri ya watoto. Kule zawadi haziletwi na Baba Krismasi, bali na Christkind, yaani Mtoto Kristo, ambaye pia ndiye aupambaye mti. Katika nyumba zinazofuata desturi ya zamani, mti hausimamishwi wiki kadhaa kabla. Watu wazima huupamba tarehe 24 katika chumba kilichofungwa, watoto wakiwa wametolewa nje kutembea au wamepelekwa kwa bibi. Mgeni huharibu kwa njia mbili: kuacha mlango wazi akitafuta chaja ya simu, au kumwambia mtoto, “Hii nimekuletea mimi kutoka Mtwara.” Zawadi za watoto mkabidhi mama yao faraghani, naye ataziweka chini ya mti. Kama unataka mtoto ajue kwamba kuna kitu kimetoka kwako, mpe siku ulipowasili.

Alasiri ya tarehe 24 usishangae ukichukuliwa makaburini. Familia nyingi huenda kuwasha mishumaa kwenye makaburi ya wazee wao, na theluji ikiwa imeanguka, vimishumaa hivyo ndani ya taa nyekundu ni kitu cha kuvuta moyo. Wengine hupitia kanisani au kituo cha treni kuchukua Friedenslicht, moto uliowashwa Bethlehemu na kuletwa Austria kila mwaka tangu 1986. Huubeba nyumbani ndani ya fanusi, nao ndio huwashia mishumaa. Vijijini, hasa milimani, mwenye nyumba huzunguka chumba kwa chumba hadi zizini na makaa yenye ubani. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa chetezo. Fuata nyuma, kimya, kama wanavyofuata wao.

Kisha kengele ndogo hulia, mlango hufunguliwa, na mti unawaka. Nyumba nyingi bado hutumia mishumaa ya kweli. Huwashwa kuanzia juu kushuka na kuzimwa kuanzia chini kupanda, maana ukigeuza mpangilio, mkono wa nguo utapita juu ya moto. Ndoo ya maji hukaa kando. Usijitolee kuwasha ikiwa umevaa shela au nguo yenye mikono mipana, na usiguse matawi, kwani mti uliokauka hushika moto upesi.

Husomwa Injili ya Luka, sura ya pili, halafu huimbwa Stille Nacht. Ndio ule ule wimbo tunaouimba kanisani kama Usiku Mtakatifu. Uliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 katika kanisa la Oberndorf, si mbali na Salzburg, maneno yakiwa ya padri Joseph Mohr na sauti ya mwalimu Franz Xaver Gruber, kwa gitaa. Waaustria wengi hawapendi kuuimba kabla ya jioni hiyo, basi usiuanzishe kwa furaha tarehe 22. Jioni yenyewe, wakikuomba ubeti kwa Kiswahili, imba bila haya.

Ndipo zawadi hufunguliwa, na chakula huliwa kabla au baada, kutegemea nyumba. Huweza kuwa soseji na kabichi iliyochachushwa, au Karpfen, samaki wa bwawani. Huyu ana vimiba vingi vyenye umbo la Y, ndiyo maana mpishi anayemjua huchanja minofu mistari ya karibukaribu, milimita tatu hivi, kabla ya kuipitisha kwenye unga, yai na chenga za mkate. Mafuta ya moto huingia kwenye michanjo na kulainisha vimiba. Asiyechanjwa mle polepole kama unavyokula samaki wa mibamiba wa kwetu. Baadaye usiku kuna misa, Christmette. Mavazi yawe ya heshima, na koti usilivue, kwani makanisa ya zamani ni baridi kweli.

Kuhusu baridi yenyewe: Desemba joto huzunguka nyuzi sifuri, lakini ndani ya nyumba ni kama nyuzi 21. Vaa tabaka tatu unazoweza kuzipunguza, na ya ndani isiwe pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kukupoza. Koti zito litafute kwenye mitumba hapa hapa kabla ya kusafiri, maana huku wanunuzi wa makoti ni wachache na bei hushuka. Viatu viwe na soli yenye meno, vikubwa kidogo ili soksi nene ienee. Mlangoni utavivua na kupewa ndala za nyumbani, Patschen. Mafuta ya nazi ya kujipaka yatageuka jiwe, kwani huganda chini ya nyuzi 24. Yatie kwenye kopo la mdomo mpana, si chupa.

SWALI: Mimi ni mkulima wa korosho Tandahimba, nimealikwa na familia ya rafiki Vienna. Viza inasumbua wapi? – Msomaji, Tandahimba

JIBU: Inasumbua kwenye kalenda na kwenye maelezo ya fedha. Maombi ya viza ya Schengen, yaani ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, nawe usingoje hizo siku 15. Ubalozi wa Austria unaoihudumia Tanzania uko Nairobi, kwa hiyo anza Septemba kwa kuuliza ofisi ya kupelekea maombi na miadi ya alama za vidole. Ada ya mtu mzima ni yuro 90. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000, na pasipoti ibaki na uhai wa miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya. Mwenyeji wako aende kituo cha polisi cha kwao kuandikisha dhamana ya kielektroniki iitwayo EVE, kisha akutumie namba yake. Barua ya mwaliko peke yake haina uzito huo.

Sasa fedha. Malipo ya mkulima huingia kwa mkupuo baada ya minada, kuanzia Oktoba, wakati maombi yako yanatakiwa yawe tayari mezani. Karani asiyejua korosho ataona akaunti iliyolala miezi minane, kisha fedha nyingi kwa siku moja, na atadhani umekopeshwa ili uonyeshe. Ambatisha stakabadhi za AMCOS, yaani chama chenu cha ushirika, za msimu uliopita, taarifa ya benki ya miezi 12 badala ya mitatu, na barua fupi inayoeleza msimu unavyokwenda. Karatasi za shamba weka pia, kwa kuwa ndizo zinazosema utarudi.

SWALI: Mimi ni Muislamu. Nikienda kukaa na familia ya rafiki yangu wakati wa Krismasi, nitakula nini? – Msomaji, Mikindani

JIBU: Utakula vizuri ukisema mapema, wiki mbili kabla, kwa sababu nyama huagizwa buchani mapema. Usiseme tu “sili nguruwe”. Mwenyeji ataondoa soseji na kudhani kazi imekwisha, kumbe samaki amekaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na saladi ya viazi ya Vienna imelowekwa kwenye supu ya ng'ombe ambaye hakuchinjwa unavyotaka. Omba mambo matatu kwa majina yake: mafuta ya mimea ya kukaangia, supu ya mboga kwenye saladi, na biskuti zisizo na ramu. Punsch na Glühwein, vinywaji vyao vya moto, vina pombe. Kinderpunsch, wa watoto, hauna. Samaki yule wa bwawani, Karpfen, atakuokoa.

Swala nazo hubanana. Vienna tarehe 24 jua hufika kileleni yapata saa sita kasoro mchana na kuzama saa kumi jioni, hivyo kati ya adhuhuri na magharibi una saa nne hivi tu. Mwombe mwenyeji chumba siku ya kwanza, kabla nyumba haijajaa wageni.

SWALI: Nibebe nini kutoka Lindi, na je, biskuti zao za mwezi mchanga naweza kuzipika nyumbani kwa korosho? – Msomaji, Lindi

JIBU: Beba korosho zilizobanguliwa na kukaangwa, kilo moja au mbili, baada ya kuuliza kama nyumbani kuna mwenye mzio wa karanga na jamii yake. Nyama na vyakula vya maziwa haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kwenye mizigo ya abiria. Maembe nayo yaache, kwani matunda mengi mabichi hudai cheti cha afya ya mimea. Kinyago kidogo cha mpingo ni zawadi nzuri sana. Nunua kwa mchongaji anayekupa risiti, uitunze. Gamba la kasa na matumbawe usiguse kabisa, hata kama umeviokota ufukweni.

Biskuti hizo ni Vanillekipferl. Kwa sinia mbili chukua unga wa ngano gramu 280, siagi gramu 210, korosho nyeupe zisizokaangwa wala kutiwa chumvi gramu 100, sukari laini ya kupambia keki gramu 70 na chumvi kidogo sana. Wao hutumia lozi au walnuti. Korosho hufaa, ila hugeuka uji upesi kwenye mashine, kwa hiyo zisage kidogo kidogo pamoja na vijiko viwili vya unga ule ule, ukisimama kila baada ya sekunde chache. Changanya haraka kwa ncha za vidole, maana kiganja kina joto. Funga donge, weka kwenye friji saa moja.

Joto letu ndilo adui hapa. Siagi ikiyeyuka kabla ya kuingia motoni, miezi yako itatandaa na kuwa chapati. Fanya kazi alfajiri, toa kwenye friji theluthi moja tu ya donge kwa wakati mmoja, viringisha vijiti vya unene wa kidole kidogo na urefu wa sentimita 6, ncha zikiwa nyembamba, vikunje, kisha urudishe sinia kwenye friji dakika 15. Oka kwa nyuzi 170 kwa dakika 12 hivi. Kwenye jiko la mkaa, makaa mengi yawe juu ya mfuniko na machache chini. Zitoe zikiwa bado nyeupe, kingo tu zimeanza kuiva. Subiri dakika mbili au tatu, kisha zigaragaze kwenye sukari laini yenye vanila: zikiwa za moto mno huvunjika, zikipoa sukari haishiki. Kopo lenye kifuniko cha kubana ni la lazima, kwa sababu unyevu wa masika huzilainisha kwa usiku mmoja.