Kabla hujasema ndiyo kwa koveni ya Wicca

Ndugu muulizaji, umesema uko Uingereza, umesoma kuhusu Wicca, dini ya kisasa ya uchawi na ibada ya asili, kwa miezi kadhaa, na sasa kuna koveni, yaani kikundi cha ibada, imekukaribisha. Unauliza utajuaje kama uko tayari. Wingi wa vitabu ulivyosoma hausemi lolote. Angalia kalenda yako, kinywa chako, na kama unaweza kukataa jambo mbele ya watu unaowaheshimu.

Kalenda kwanza. Sikukuu ni 8 na miezi mipevu 12 au 13 kwa mwaka, kwa hiyo koveni inayofuata zote hukutana mara 20 hivi, mbali na siku za mafunzo. Samhain, mojawapo ya sikukuu hizo, ni 31 Oktoba hata kama kesho yake una zamu ya alfajiri. Baadhi husogeza hadi wikiendi, basi uliza. Kwa desturi kikundi hakizidi watu 13, na vingi ni vidogo zaidi, kwa hiyo asipofika mmoja pengo linaonekana.

Jipime nyumbani kwa miezi mitatu. Kila siku tulia kimya dakika 10, uandike kwenye daftari tarehe, hali ya mwezi na ulichofanya. Kila mwezi mpevu chora duara la ibada. Kipimo cha jadi ni upana wa futi 9, yaani kama mita 2.7, chumba kikiwa kidogo, punguza, na mishumaa ikae mbali na mapazia. Anzia mashariki kwa hewa, kusini moto, magharibi maji, kaskazini ardhi, ukizunguka kama mshale wa saa. Wanaoanza huziita pande zote nne kwa bidii, halafu wanaondoka bila kuziaga wala kulifunga duara. Daftari likiwa tupu mwezi wa pili, usiingie kwanza. Wicca ya mtu peke yake ni njia kamili, na wengi hubaki humo maisha yao yote.

Kinywa: koveni za jadi za Waingereza Gerald Gardner na Alex Sanders zina kiapo. Utatunza siri ya ibada, majina ya wenzako, na Kitabu cha Vivuli, yaani kitabu cha ibada za koveni, utakachonakili kwa mkono. Mwambie mume au mke wako mapema kwamba unajiunga. Kiapo hakikulazimishi kumficha ulipo usiku, na ukimya huo unaweza kutikisa ndoa kuliko imani yenyewe.

Sasa kukataa, na hapa naomba usikimbie. Gerald Gardner, aliyeitangaza Wicca baada ya sheria ya uchawi ya Uingereza kufutwa 1951, alifundisha ibada ya utupu, yaani bila nguo, na koveni nyingi za jadi yake bado hufanya hivyo. Katika kuingizwa kuna kitambaa cha macho na kamba mikononi. Yote haya uyajue kabla ya siku yenyewe. Kama huyawezi, tafuta kikundi kinachovaa kanzu. Kama hunywi divai, waombe juisi. Muungano wa Mungu wa kike na wa kiume kwa kawaida huonyeshwa kwa ishara ya kisu na kikombe. Anayekudai ngono ndiyo upande daraja, yaani cheo cha ndani ya koveni, ondoka usiku huohuo. Katika jadi ya Gardner kuingizwa hakulipiwi. Mchango wa mishumaa na chakula ni sawa.

Na wao wapime vilevile. Kutaneni kwanza mgahawani. Waulize waliingizwa na nani, na koveni ipi nyingine inawafahamu. Waulize aliyetoka mwisho alitokaje: wakikwambia laana humfuata anayeondoka, usirudi. Desturi ni kusubiri mwaka mmoja na siku moja kabla ya daraja la kwanza, kwa hiyo anayetaka kukuingiza wiki ijayo ana haraka isiyo yako.

Ukiwajibu, andika kwa ufupi: kwamba umetimiza miaka 18, siku unazopatikana, umefanya nini peke yako, na kwamba ungependa kuhudhuria sikukuu moja ya wazi kabla ya kuamua. Koveni nzuri haitachukizwa na ombi hilo.